Petroli ya 95, 98, 102 na E30 kwenye gari lililotuniwa: ipi inafaa, ipi ni kupoteza

Tuanze na hukumu, maelezo yafuate. Kwa gari la turbo lililotuniwa (lililobadilishiwa mipangilio ya injini ili litoe nguvu zaidi), petroli ya RON 98 (RON ni kipimo cha oktani kinachoandikwa kwenye pampu nyingi) ndiyo inayostahili kuwa mafuta ya kila siku. Ya 100 au 102 ni nzuri, lakini haikupi kitu mpaka mapu ya kompyuta ya injini (jedwali linaloiambia lini ipige cheche na itie mafuta kiasi gani) iwe imeandikwa kwa ajili yake. Ya 95 ni ya kukufikisha kituo kingine, tena kwa mguu mwepesi. Mchanganyiko wa E30, wenye ethanoli asilimia 30, unazishinda zote kwa nguvu, ila unadai vipimo na uangalizi kila unapojaza tangi. Vichupa vya kuongeza oktani vinavyopangwa kwenye rafu hatuvipendekezi.

Wengi hujaza mafuta ya namba kubwa wakitarajia gari lichomoke. Halichomoki. Oktani ni kipimo cha uvumilivu wa petroli: inaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haijajiwasha yenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Nguvu iliyomo ndani ya lita ni habari nyingine. Lita ya 102 haina nishati kuizidi lita ya 95, na mara nyingine hupungukiwa kidogo, maana viungo vinavyopandisha oktani kama ethanoli na MTBE vina oksijeni ndani yake na hutoa joto dogo kuliko petroli tupu. Oktani inafungua nafasi tu. Anayeitumia nafasi hiyo ni fundi anayeandika mapu, kwa kuwahisha cheche na kuongeza busti (shinikizo la hewa ambayo turbo huisukuma ndani ya injini). Asipoitumia, umelipia kitu ambacho injini haikukigusa.

Namba iliyo kwenye pampu

Kipimo chenyewe kinatokana na vimiminika viwili: isooktani ilipewa 100, heptani ya kawaida ikapewa 0. Petroli ya RON 95 ni ile inayogonga (inayojiwasha yenyewe kabla ya wakati) sawasawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya isooktani na 5 ya heptani. Upimaji hufanywa kwenye injini ya CFR, ya silinda moja, ambayo kompresheni yake hubadilishwa huku inazunguka. RON hupimwa kwa mizunguko 600 kwa dakika na hewa ya nyuzi joto 52. MON, kipimo kingine cha oktani chenye masharti magumu zaidi, hupimwa kwa mizunguko 900, mchanganyiko ukiwa umepashwa mpaka nyuzi 149, ndiyo maana namba yake huwa chini kwa takriban 10: petroli ya RON 95 huwa na MON karibu 85, na ya 98 karibu 88. Injini za kisasa za turbo zenye intakula (kipoza hewa ya turbo) nzuri hufanya kazi katika hali iliyo karibu zaidi na RON, kwa hiyo ndiyo namba ya kuitazama.

Marekani na Kanada pampu huonyesha wastani wa hizo mbili, unaoitwa AKI. Namba 93 ya huko ni karibu RON 98, na 91 ya huko iko karibu na RON 95 au 96. Hapa ndipo injini nyingi zinapoumia bila sababu. Mtu ananunua faili la tuni lililoandikwa Marekani, limepewa jina la 93, anatazama pampu ya kwao iliyoandikwa 95, anaona 95 ni kubwa kuliko 93, analipakia. Faili lile lilikuwa linataka 98. Kabla ya kulipa, muulize mwandishi wa mapu swali moja: RON au AKI? Akibabaika, tafuta mwingine.

Magari yaliyotoka soko la Japani yana mtego wake. Kiwango cha JIS, cha viwanda vya Japani, kinataka petroli yao ya daraja la juu isipungue RON 96, na inayouzwa mara nyingi huzidi hapo. Injini kama EJ207 ya Subaru au 4G63 ya Mitsubishi Lancer Evolution iliyoundwa kwa soko hilo imeandikiwa mafuta ya aina hiyo toka kiwandani. Kuipa 95 ni kuirudisha nyuma hata kabla hujafungua boneti, na kuipa 95 juu ya mapu yenye busti zaidi ni kuiombea mabaya.

Kinachovunjika, na kwa nini

Fundi wa gereji akisema injini imenoki, aghalabu anamaanisha beringi za konrodi zimekwisha na injini inashushwa. Kugonga tunakokuzungumzia hapa ni kwingine, ingawa kukiachwa kunaweza kukufikisha kule kule.

Cheche hupigwa pistoni ikiwa bado inapanda. Moto husambaa kutoka kwenye plagi kuelekea kuta za silinda, na gesi ambayo moto haujaifikia hubanwa na kupashwa na ile iliyokwisha kuwaka. Oktani ikiwa ndogo, gesi hiyo ya pembezoni hushindwa kungoja, hulipuka yote kwa mkupuo. Mawimbi ya shinikizo huenda huku na huku ndani ya silinda. Kwa silinda ya kipenyo cha milimita 86 mlio wake uko karibu na kHz 6.6, na sensa ya kugonga imetegwa kusikiliza eneo hilo. Sikio la dereva halitoshi. Kwenye mizunguko 6,000, egzosi imefunguka na matairi yanalia, injini inaweza kugonga mpaka ikaharibika bila wewe kusikia lolote.

Mlio wenyewe haudhuru kitu. Kinachodhuru ni kwamba mawimbi hayo hufagia tabaka jembamba la gesi linalokinga chuma, joto likaingia moja kwa moja kwenye alumini ya pistoni, huku shinikizo likipiga kama nyundo. Sehemu inayotangulia kukatika ni ukingo ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Injini za EJ25 zenye turbo zinajulikana sana kwa hilo. Kwa nje utaona kompresheni ya silinda moja imeshuka, oili inapumua kwa nguvu kupitia tundu la kujazia, na plagi ina vitone vidogo vya kijivu vinavyong'aa juu ya kauri yake nyeupe. Vitone hivyo ni alumini ya pistoni. Ukiviona, zima gari na upime kompresheni kabla ya kufikiria mafuta mengine.

Kompyuta ikisikia kugonga hurudisha cheche nyuma, kwa kawaida digrii 2 au 3 kwa mpigo, kisha huisogeza tena mbele polepole. Ndiyo maana mafuta duni hayavunji injini siku hiyo hiyo. Gari linakuwa zito, na kwa kuwa cheche imechelewa, sehemu ya moto inamalizikia kwenye egzosi: turbo na katalisti (kisafisha moshi cha egzosi) vinapata joto ambalo havikupangiwa. Katika Subaru nyingi kuna namba moja ya kuitazama, DAM, ambayo injini ikiwa salama husoma 1. Ikishuka chini ya 1, kompyuta imekwisha kuamua kwamba haiyaamini mafuta uliyojaza, na imepunguza taimingi (kiasi cha kuwahisha cheche) kila mahali. Wenye BMW na Volkswagen husoma marekebisho ya kila silinda peke yake, jambo zuri zaidi, kwa sababu silinda moja ikisumbua na nyingine zimetulia, tatizo huenda ni plagi au nozeli na wala si petroli.

Kuna adui ambaye oktani peke yake haimwezi. Kwenye injini ndogo za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ukikanyaga mpaka chini katika gia kubwa huku mizunguko iko kati ya 1,500 na 2,500, tone la oili lililochanganyika na petroli linaweza kuwaka kabla ya cheche kupigwa. Kompyuta haina la kurudisha nyuma hapo, maana cheche haikuhusika. Mpigo mmoja wa aina hiyo unaweza kuvunja pistoni. Tumia oili ya daraja la API SP, lililoanza 2020 na ambalo hujaribiwa dhidi ya tatizo hili (SN Plus ya 2018 ilitangulia), na ushushe gia kabla ya kukanyaga. Fundi mzuri pia hupunguza busti ya mizunguko ya chini kwenye mapu, hata kama mwenye gari anapenda lisukume mapema.

98 dhidi ya 100 na 102

Kutoka 95 kwenda 98 ndiko kunakoonekana wazi. Kwa makadirio ya kawaida, injini ya turbo iliyofika mpaka wake wa kugonga hupata karibu digrii moja ya cheche kwa kila pointi moja ya RON. Digrii 3 kwenye mizunguko ya kati si jambo dogo: torki inakuja, egzosi inapoa, na gari linarudia nguvu ile ile mkanyago wa tano kama lilivyofanya mkanyago wa kwanza. Hilo la kurudia ndilo tunalolithamini zaidi kuliko namba ya juu kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari). Mapu inayong'ara mara moja asubuhi ya baridi kisha ikafifia hewa ya kuingia ikifika nyuzi 55 ni mapu inayobanwa na mafuta.

Kutoka 98 kwenda 102 mambo hutegemea injini. Kila injini ina taimingi ambayo ukiipita torki haiongezeki tena, hata petroli iwe na uvumilivu wa namna gani. Injini ya kompresheni ndogo, mathalani 2JZ-GTE yenye 8.5:1, ikiwa kwenye busti ya kiwandani huwa karibu na hapo tayari, na 102 haitaifanyia lolote la maana. B58 ya kwanza ya BMW yenye 11:1, ikishaongezewa busti, bado inabanwa na kugonga kila mahali na itaendelea kupokea. Gari lisilo na turbo na lenye kompresheni ya kawaida litosheke na mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake.

Zipo kompyuta zinazojifunza na kusogeza cheche mbele zikigundua mafuta mazuri, lakini zina dari. Dari hiyo imeandikwa ndani ya mapu. Mapu ya 98 inayoruhusu nyongeza ya digrii 1 haitakupa 4 kwa kuwa umejaza 102. Ukitaka faida ya 102, lipia mapu ya pili, na uhakikishe unaweza kurudi kwenye ya 98 ukiwa barabarani, bila kompyuta mpakato ya fundi.

Petroli za daraja la juu pia hubeba sabuni zaidi. Ni jambo jema kwa nozeli. Kwa valvu za kuingizia hewa kwenye injini zinazopuliza moja kwa moja halisaidii, kwa kuwa petroli haipiti juu yake. Masizi yake huondolewa kwa kupuliza unga wa maganda ya jozi. Na masizi yaliyojaa juu ya pistoni hupandisha mahitaji ya oktani: nafasi ya kubania imepungua na kuna vipande vinavyoshika moto. Injini chafu hugonga kwa mafuta ambayo ikiwa safi ingeyavumilia. Vivyo hivyo mvuke wa oili unaorudishwa kwenye hewa ya kuingia hushusha oktani ya mchanganyiko wote, kwa hiyo kinasa oili kilichofungwa vizuri ni sehemu ya habari hii ya mafuta.

Kubadilisha mafuta na kupima

Tangi halibadiliki kwa kujaza mara moja. Tangi la lita 50 lenye lita 10 za 95 zilizobaki, ukitia lita 40 za 98, unapata karibu 97.4. Ukiendesha mpaka zibaki 10 tena na kujaza 98, unafika 97.9. Basi usipakie mapu ya 98 siku ya kwanza. Ipakie baada ya ujazo wa pili. Kama pampu ina mpira mmoja kwa madaraja yote, mafuta ya mteja aliyetangulia yamebaki ndani ya mpira na yatakuwa yako. Ukijaza lita 45 hayana uzito, ukijaza lita 5 za majaribio yanaharibu kipimo.

Kisha rekodi data. Kifaa cha OBD (kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari) na programu inayosoma kompyuta ya gari lako vinatosha. Tunachotaka kuona ni mizunguko, taimingi halisi, marekebisho ya kugonga kwa kila silinda, busti inayoombwa na inayopatikana, joto la hewa ya kuingia, lamda (kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta), na shinikizo la reli ya mafuta. Fanya kwenye daino au uwanja uliofungwa. Oili iwe imepata joto kamili. Tumia gia ya tatu au ya nne, anza mizunguko 2,500, kanyaga mpaka chini hadi karibu na mwisho, achia. Rudia mara tatu, ukiacha dakika chache kati ya mkanyago na mkanyago ili intakula ipoe. Mkanyago mmoja hauthibitishi kitu.

Mpaka wetu ni huu: marekebisho ya digrii 1 yanayotokea hapa na pale kwenye silinda moja, yakapotea, tunayaacha. Digrii 3 zinazojirudia mahali pale pale kwenye mikanyago yote mitatu, mapu inarudi kwa fundi au mafuta yanabadilishwa. Silinda zote zikirudishwa pamoja wakati hewa ya kuingia ni moto, tazama intakula kwanza.

Lakini chunga sensa inayodanganywa. Ukifunga mikono migumu ya kushikilia injini kwenye bodi, au ngao ya joto ya egzosi ikilegea, sensa husikia kelele na kompyuta hurudisha cheche bila injini kugonga. Alama yake: kelele ya uongo hutokea kwenye mizunguko ile ile hata ukikanyaga nusu, na haibadiliki ukibadilisha petroli. Kugonga kwa kweli hufuata mzigo na joto. Hakikisha pia boliti ya sensa imekazwa kwa kipimo. Kwa sensa za Bosch za aina ya pete ni karibu Nm 20. Ikilegea haisikii, ikikazwa kupita kiasi inasikia vibaya, na hakuna gundi wala washa inayopaswa kuwekwa chini yake.

Plagi zinahusika moja kwa moja. Busti ikipanda, tumia plagi baridi zaidi kwa hatua moja: kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi, kwa hiyo 7 inakwenda 8; kwa Bosch ni kinyume, namba ndogo ndiyo baridi. Watu hubadilisha kwa kufuata kanuni ya kampuni moja kwenye plagi za kampuni nyingine, wakaweka plagi ya moto zaidi bila kujua, kisha wakailaumu petroli. Gepu ya milimita 0.6 hadi 0.7 inafaa injini nyingi zilizotuniwa. Ukiiacha pana, cheche huzimwa na shinikizo na gari hukatakata juu, dalili ambayo hufanana sana na mafuta mabaya.

E30 na E85

Hapa ndipo penye faida kubwa, na penye kazi kubwa. Ethanoli ina RON karibu 108, na ikigeuka mvuke hunyonya joto zaidi ya mara mbili ya petroli kwa kila kilo. Kwa kuwa injini inahitaji kilo nyingi zaidi za ethanoli kwa hewa ile ile (uwiano wake ni karibu 9:1, wa petroli 14.7:1), upoaji ndani ya silinda ni mkubwa kuliko namba ya oktani inavyoonyesha. Injini iliyokuwa inagonga kwa 98 hutulia.

Gharama yake ni ujazo. E85 (yenye ethanoli hadi asilimia 85) inataka kati ya asilimia 30 na 40 zaidi ya mafuta kwa lita ukilinganisha na petroli isiyo na ethanoli. E30 inataka takriban asilimia 11. Ndiyo sababu E30 inapendwa: pampu na nozeli za kiwandani za magari mengi huimudu, E85 haziiwezi. Kwenye injini zinazopuliza moja kwa moja, pampu ya shinikizo kubwa ndiyo hushindwa kwanza. Ikiwa mapu inaomba 200 bar na reli inaonyesha 150 mizunguko ikipanda, punguza ethanoli au badilisha pampu. Usiendelee kukanyaga: lamda itapanda, mchanganyiko utakosa mafuta, na injini itaharibika ikiwa na oktani nzuri kabisa ndani ya tangi.

Hesabu ya kuchanganya si ngumu. Tangi la lita 50, petroli ya pampu ni E10, unataka E30: lita 13.3 za E85 na lita 36.7 za petroli. Kama petroli haina ethanoli kabisa, unahitaji lita 17.6 za E85. Tia E85 kwanza, petroli ifuate, ili vichanganyike vizuri. Tatizo ni kwamba E85 si lazima iwe 85. Kiwango cha Marekani huruhusu ethanoli kati ya asilimia 51 na 83, hupunguzwa majira ya baridi ili magari yawake. E85 yenye 70 tu, kwa hesabu ile ile ya lita 13.3, inakupa E26.

Kwa hiyo pima. Chukua bomba la kupimia la mililita 100, tia maji mililita 10, ongeza mafuta mpaka 100, ziba, tikisa, acha dakika kumi. Ethanoli huungana na maji na kushuka chini. Soma mstari wa tabaka la chini, toa 10, gawanya kwa 90. Tabaka likisoma 37, una E30. Likisoma 30, una E22 na mapu ya E30 haifai. Njia bora zaidi ni sensa ya ethanoli iliyofungwa kwenye bomba la mafuta: ile ya kawaida hutoa masafa ya Hz 50 kwa petroli tupu na 150 kwa ethanoli tupu, kwa hiyo toa 50 upate asilimia. Ikiunganishwa na mapu inayojirekebisha, huna haja ya bomba wala kikokotoo, na kwa anayetumia ethanoli kila wiki tunaiona ndiyo nunuzi la kwanza, kabla ya egzosi wala turbo kubwa.

Ethanoli husafisha. Uchafu wa miaka uliolala kwenye tangi kuukuu utang'olewa na kufika kwenye filta ndani ya tangi mbili tatu za kwanza, kwa hiyo weka filta mpya na uandae ya pili. Mipira na gasketi za magari ya zamani zinaweza kuvimba au kupasuka; kagua mabomba ya mafuta kila unapobadilisha oili, na oili yenyewe uibadilishe mapema kuliko ulivyozoea kwa sababu mafuta zaidi huponyoka kuingia kwenye karta (bakuli la oili chini ya injini). Gari la kuegeshwa miezi mitatu lisiachwe na ethanoli tangini. Hunyonya unyevu, na maji yakizidi hujitenga na kukaa chini, mahali hasa pampu inapovutia.

Vichupa na njia za mkato

Lebo ikisema inaongeza pointi 30, wengi husoma kwamba 95 itakuwa 125. Katika biashara hii pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi 30 ni oktani 3, tena kwa kipimo ambacho mtengenezaji mwenyewe alikichagua. Vingi hutegemea MMT, yenye manganisi, au ferosini, yenye chuma. Vyote viwili huacha utando wa rangi ya machungwa au wekundu wa kutu juu ya kauri ya plagi. Utando huo ukikolea hupitisha umeme, cheche inavuja pembeni badala ya kuruka gepu, na sensa ya oksijeni na katalisti hufunikwa pia. Utakuwa umenunua oktani 2 na kupoteza plagi nne.

Toluini hupandisha oktani kweli, lakini ni sumu kwa mvuke wake, na kuchanganya kwa kukisia hubadilisha uzito na namna petroli inavyogeuka mvuke. Petroli ya ndege ya 100LL ina risasi, na risasi huua katalisti na sensa ya oksijeni. Petroli za mashindano zenye risasi zina hatari ile ile. Kwenye gari linalotembea barabarani hatuoni hata moja inayostahili nafasi.

Ukikwama mahali penye 95 peke yake na tangi limekauka, badili kwanza mapu iwe ya chini, au weka busti ya wastegeti (ile ya chini kabisa, inayoachwa na valvu ya turbo peke yake) ikiwa kidhibiti chako kinaruhusu. Jaza kinachokufikisha kituo chenye 98 na si zaidi, ili tangi lirudi haraka kwenye namba yake. Kaa kati ya mizunguko 2,500 na 4,000, usikanyage zaidi ya nusu, shuka gia mlimani badala ya kulilazimisha gari kwenye gia kubwa. Ukifika, jaza 98 mpaka juu, endesha kilomita chache kwa mguu mwepesi, tazama marekebisho ya kugonga yamerudi sifuri kwenye silinda zote, ndipo urudishe mapu yako.